Siku Ambayo Hatukupima Maji

Kila asubuhi kabla ya chai, kazi yangu ilikuwa kupima shimo. Wenzangu wa darasa la sita waliamka likizo hiyo kufagia ua au kukamua ng'ombe. Mimi niliamka kulala kifudifudi juu ya mbao mbili na kuteremsha kamba shimoni. Walinicheka sana, wakaniita Nyatichi wa Shimo. Niliwajibu kwamba heri shimo kuliko kinyesi cha ng'ombe, tukawa tumelipana.

Shimo lenyewe lilikuwa la futi kumi kwenda chini, na lilikuwa sehemu ya chini ya ploti yetu, nje kidogo ya mji wa Rongo. Ploti hiyo iko mteremkoni. Juu ni barabara, na chini kabisa, nje ya ua wetu, ni chemchemi ya Dani Phelesia. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na watoto wote wa mtaa tulimwita hivyo, Wajaluo kwa Wakisii. Hakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba chemchemi ni yake. Lakini ndiye aliyeipangia mawe, ndiye aliyeifyekea nyasi, na ole wako akukute ukifua nguo karibu nayo!

Baba yangu, Monari, aliuza sare za shule sokoni. Mwaka huo wa 1997 alikuwa anajenga nyumba ya vyumba sita vya kupangisha walimu na wauguzi, na kila chumba kilikuwa na choo cha ndani, kile cha kuvuta maji. Enzi hizo mtaani kwetu sote tulitumia choo cha shimo, hivyo Baba alitembea kifua mbele tangu siku ya kwanza ya msingi. Alikuwa ameshawaahidi walimu wawili kwamba wangehamia shule zikifunguliwa Januari.

"Na maji ya vyoo hivyo yatakwenda wapi?" Mama alimwuliza. Mama yangu, Bitutu, ana maswali mafupi.

"Kwenye tangi. Kutoka kwenye tangi, kwenye shimo la kunyonyea. Kutoka hapo, ardhini."

"Na yakishafika ardhini yatakwenda wapi?"

Baba akakohoa, akasema atamleta mtaalamu.

Mtaalamu alikuwa Bwana Gisiri, afisa wa afya, Mkuria mrefu mwenye viatu vya mpira hadi magotini. Watu walimwita daktari ingawa sikuwahi kusikia amemdunga mtu sindano. Alitembea ploti yote, akauangalia mteremko, akaiangalia chemchemi kule chini, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Nani humu nyumbani huchuja chai?"

"Mimi," nikasema.

"Sikiliza basi. Tangi halisafishi maji ya choo. Linayatuliza tu. Kizito kinakaa chini, maji yanapita, na maji hayo bado yana ugonjwa. Kinachoyasafisha ni udongo mkavu yanapopita ndani yake polepole, kama chai kwenye kichungi. Sasa, ukikizamisha kichungi ndani ya sufuria ya chai, kitachuja nini?"

"Hakitachuja kitu, daktari."

"Haya. Na chini ya miguu yetu kuna maji. Mvua ikinyesha hupanda, ikikatika hushuka. Yakipanda mpaka kwenye shimo la kunyonyea, uchafu utakutana nayo kabla haujachujwa. Halafu, kwa sababu hapa ni mteremko, utatembea nayo mpaka..." Hakumaliza. Aliinua mkono tu kuelekea kwenye chemchemi.

Akatuambia masharti. Shimo la kunyonyea ambalo Baba alilitaka pale chini lingekwenda futi tano. Chini yake lazima pabaki futi tatu za udongo mkavu. Kwa hiyo tungechimba shimo la kupimia na kuliangalia msimu wote wa mvua. Maji yakibaki chini ya futi nane siku zote, Baba angejenga. Yakipanda juu ya hapo hata siku moja, pale pasingejengwa.

Kamba niliyopewa ilikuwa na fundo kila futi moja, na jiwe dogo mwishoni. Niliishusha, jiwe likigusa maji nikasikia chubwi, nikahesabu mafundo kutoka ukingoni. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu nilikuwa wa kwanza darasani na mwandiko wangu ulisomeka. Sijisifu. Basi, najisifu kidogo.

"Siku usiyopima, acha pengo," Bwana Gisiri aliniambia akinikabidhi daftari. "Usiogope pengo. Pengo nalo ni habari."

Alijua tungekuwa na mapengo. Sisi ni Waadventista. Ijumaa jua likitua, kazi inakoma nyumbani kwetu: jembe linalala, cherehani inafunikwa, hata viazi vya Jumamosi vinakuwa vimemenywa tayari. Baba alisema, "Sabato haipimwi," na Bwana Gisiri akaitikia kwa heshima.

Lakini mimi sikuyapenda yale mapengo. Madaftari yangu yote ya shule hayakuwa na pengo hata moja, na ukurasa ule ulionekana kama mdomo wa mtu aliyeng'oka meno. Jumapili ya kwanza nikapima, nikakuta futi tisa, sawa na Ijumaa. Nikajiambia, kama Ijumaa ni tisa na Jumapili ni tisa, Jumamosi itakuwa ngapi? Nikaandika tisa. Jumapili iliyofuata nikafanya vivyo hivyo. Ulikuwa uongo mdogo, tena nadhifu, na kwa bahati mbaya hakuna kilichoniuma.

Mvua ya Elnino haikuwa mvua ya kawaida. Ilianza Oktoba na ikakataa kuondoka. Redio ilitaja kipindupindu karibu kila siku, leo ufuoni mwa ziwa, kesho kambi fulani ya wavuvi. Mama alichemsha maji yetu ya kunywa na kutukemea tukinawa mikono nusunusu. Kwetu mteremkoni maji yalipanda kidogo hadi futi nane na nusu, yakatulia hapo. Baba alikuja kuchungulia daftari kila jioni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Nane na nusu," alisema akitabasamu. "Bado tuko salama. Umebaki mwezi mmoja tu."

Ijumaa moja, mwanzoni mwa Desemba, ilianza kunyesha adhuhuri na haikupumua mpaka alfajiri ya Sabato. Asubuhi tulivaa nguo za kanisani, mimi gauni langu jeupe, tukashuka kwa njia ya mkato inayopita kando ya shimo. Baba alitangulia. Mama alikuwa nyuma akimvalisha mdogo wangu viatu.

Mbao zilikuwa zimesogezwa na upepo. Nikachungulia. Ala! Maji yalikuwa hapa! Ningelala kifudifudi na kunyoosha mkono ningekaribia kuyagusa. Futi tatu, si zaidi. Yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yametulia kimya.

"Nyatichi, tumechelewa," Baba aliniita bila kugeuka.

Nikaenda. Kanisani tuliimba, lakini mimi niliona maji tu. Nilijifariji kwamba leo ni Sabato, na Sabato haipimwi, na kitu kisichopimwa hakiandikwi.

Jumapili nilipima. Futi sita na nusu. Nilikaa juu ya mbao na kalamu mkononi kwa muda mrefu. Nikiandika sita na nusu, walimu hawatahamia, na Baba atavunjika moyo. Tena daktari atauliza Jumamosi ilikuwaje, na akianza kuuliza habari za Jumamosi atazifikia na zile nyingine. Uongo mdogo ulikuwa umemwita kaka yake. Nikaandika nane na nusu siku zote mbili, nikafunga daftari. Kufikia Jumanne, mvua ikiwa imekatika, maji yalikuwa yamerudi futi nane na nusu kweli, kana kwamba yameamua kunisaidia.

Jumatano, akidhani msimu umekwisha, Bwana Gisiri akaja na karatasi zake. Alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Niliandika tarehe tu, si majina ya siku, na hakusimama kuzitafuta Jumamosi. Kisha akateremka shimoni kwa ngazi, akakwangua ukuta wa udongo kwa kisu, akakaa huko chini muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mzee Monari," alisema alipopanda, akishika bonge la udongo kiganjani. "Unaona madoadoa haya mekundu kama kutu ya mabati, na haya ya kijivu? Udongo huwa hivi ukilowa na kukauka, ukilowa na kukauka. Nimeyakuta kuanzia futi tatu. Udongo unasema maji hufika futi tatu. Daftari linasema hayajapita nane. Wewe umewahi kuona yakipanda?"

Baba aliangalia viatu vyake. "Daftari ndilo hilo, daktari."

Bwana Gisiri alikuna kichwa. "Basi labda alama hizi ni za miaka mingi iliyopita. Daftari limekuwa hapa kila siku, mimi sikuwa. Nitaliamini. Nyatichi, nipeleke nikaione chemchemi, nikirudi nitie sahihi."

Nilitembea mbele yake. Chemchemini tulimkuta Dani Phelesia akiwajazia wajukuu zake mitungi, wanne, mdogo wao hajafika hata kiunoni pangu. Alitusalimu kwa furaha, akachota maji kwa agwata, kile kibuyu chake kilichokatwa nusu.

"Kunywa, daktari. Hii maji haina haja ya friji," alisema. Bwana Gisiri akanywa yote, akashukuru. Dani akachota tena, akaninyooshea. "Madh pi, nyathina. Kunywa, mtoto wangu. Jua kali."

Nilishika agwata kwa mikono miwili. Maji yalikuwa maangavu, naona hadi chini. Mjukuu mdogo alinitazama akisubiri nimalize ili naye apate. Nikaona mambo yote kwa pamoja: vyoo sita, tangi, shimo la futi tano, maji ya futi tatu, na mtoto huyu na kiu yake. Sikumeza hata tone.

"Daktari, usitie sahihi," nikasema, na machozi yakanitoka bila ruhusa. "Maji yalifika futi tatu. Niliyaona. Ilikuwa Sabato. Jumapili yalikuwa sita na nusu nikaandika nane na nusu. Na Sabato zote, hata za kwanza, nilizijaza mwenyewe."

Dani alikijua Kiswahili vizuri, na alikuwa amesikia mpango wa Baba wa kujenga. Alichukua agwata mikononi mwangu taratibu, akamwaga maji yale kwenye nyasi.

"Twende kwa baba yako," alisema.

Tulipanda sote watatu. Hakuna safari niliyoiona ndefu kama ile, na ni hatua mia mbili tu. Baba alikuwa amesimama kando ya shimo, na mafundi wawili walikuwa tayari wamekalia majembe yao wakingoja neno. Nilimwambia kila kitu mbele yao. Nilitegemea kofi. Nilitegemea hata zaidi ya kofi, maana Mama alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi, na Mama husema njia ya mwongo ni fupi.

Baba hakunipiga. Alivua kofia, akaishika kifuani.

"Daktari," alisema kwa sauti ya chini, "usimlaumu mtoto peke yake. Asubuhi ile mimi nilitangulia. Mbao zile nilizikuta zimesogea. Niliangalia ndani kabla yake. Niliyaona maji. Nikajiambia leo ni Sabato, si siku ya mambo ya ujenzi. Jioni nikasoma daftari, nikaona halisemi kitu. Jumapili likasema nane na nusu. Nilijua si kweli. Nikafurahi."

Mama aliweka mwiko chini.

"Baba Nyatichi," Dani Phelesia alisema, "wajukuu wangu wanakunywa pale. Ungeniambia lini? Tukiwa hospitali?"

Baba alimwomba msamaha hapohapo, mbele ya mafundi, na kwa mwanamume wa soko kama yeye hilo si jambo rahisi. Dani hakusema amemsamehe. Alisema, "Tutaona mtakachofanya," akakaa kwenye jiwe ili aone.

Bwana Gisiri alinirudishia daftari na kalamu. Aliniamuru nikate kila namba ya uongo kwa mstari mmoja, isifutwe, ibaki inasomeka, na kando yake niandike ukweli. Mahali ambapo sikujua ukweli niliandika: sikupima. Mwandiko wangu mzuri ukawa kama wa mtoto wa chekechea.

"Sasa daftari linakubaliana na udongo," alisema. "Na sasa tunaweza kufikiri."

Nilidhani ndoto ya Baba imekufa, kumbe ilihitaji kuhama tu. Bwana Gisiri alisema kosa halikuwa kujenga vyoo. Kosa lilikuwa kuchimba kwenda chini, mahali ambapo maji yanapanda kuja juu. Tukaliacha lile eneo la chini kabisa. Karibu na nyumba, juu mteremkoni, tukachimba shimo jipya la kupimia. Kama pangefaa, tusingechimba shimo refu la kunyonyea hata huko. Tungechimba mitaro mirefu ya futi moja na nusu tu, tuijaze kokoto, na maji ya tangi yasambae humo kidogo kidogo, yapate udongo mkavu mwingi chini yake. Mitaro ingekatiza mteremko badala ya kuufuata, tena iwe sawasawa kabisa, maana ikiinama upande mmoja, maji yote hukimbilia huko na kufoka. Na juu ya nyumba tungechimba mfereji wa kuyakinga maji ya mvua, yazunguke ploti yasije kuulowesha udongo wetu.

"Na tutapima tena mpaka mvua hii iishe," alisema. "Hapa nataka maji yasipande juu ya futi nne na nusu. Kila siku. Sabato mtafanyaje?"

Imani ni imani, na hakuna aliyemwomba Baba aiache. Aliyejibu ni Dani Phelesia, kutoka kwenye lile jiwe lake.

"Mimi naenda misa Jumapili," alisema. "Jumamosi yangu ni ya kazi. Nitapima mimi."

"Dani, lakini hujui kuandika," nikasema, kisha nikajiuma ulimi.

"Kuandika ni nini? Jiwe likigusa maji, nitafunga kitambaa pale kamba ilipo ukingoni. Wewe Jumapili utahesabu."

Ndivyo tulivyofanya. Kila Sabato tukiwa kanisani, Dani alipanda mteremko na mjukuu mmoja, akateremsha kamba, akafunga kitambaa chekundu. Kila Jumapili nilihesabu mafundo na kuandika namba yake, na kando yake jina lake. Vitambaa vyake havikusogezwa hata nusu futi. Elnino iliendelea kutupiga hadi baada ya mwaka mpya, na siku maji yalipopanda zaidi yalifika futi tano na nusu. Ilikuwa Jumamosi, ya Dani. Bwana Gisiri akatia sahihi.

Walimu hawakuhamia Januari. Mmoja alichoka kungoja, akapata chumba kwingine. Baba aliniambia habari hiyo bila kuongeza neno, nami nilijua sehemu yangu ni ipi. Mitaro tuliichimba Februari udongo ulipokauka, na Bwana Gisiri akaja na bomba lake la mpira linalopitisha mwanga, lililojazwa maji. Mimi nilishika ncha moja, Baba ncha nyingine, na maji ndani ya bomba yalipolingana kwenye ncha zote mbili tulijua mtaro uko sawasawa.

Siku tuliyofukia mtaro wa mwisho, mafundi walikuwa wamekwisha kwenda na tulibaki wawili tukipanda nyasi juu yake. Baba akasimama na kujipangusa jasho.

"Nyatichi, nimefikiri sana. Sabato tuliambiwa tuache kazi. Hatukuambiwa tuache kusema kweli. Ukijua jambo linaloweza kumdhuru jirani, huna siku ya kupumzika mpaka umwambie. Hata kama litakuharibia mpango wako. Hata kama hakuna aliyekuuliza."

"Ndiyo, Baba."

Nilipanda mashina mawili matatu ya nyasi. Kulikuwa na swali lililonikaa tumboni tangu Desemba, nami si mtu wa kuweza kulala na swali.

"Baba, kama nisingesema siku ile, wewe ungesema?"

Alikaa chini juu ya udongo, na nguo zake za kazi.

"Ningependa sana kukujibu ndiyo," alisema. "Lakini hiyo ni siku ambayo sikuipima, Nyatichi. Nikikuambia ndiyo, nitakuwa nimeijaza tu."

Kisha akachukua jembe, akaniambia nilete maji ya kumwagilia nyasi kabla jua halijazama.